Chororo Si Kicheche

Baba alinichagua mimi kwa sababu siamini kitu. Aliniambia hivyo waziwazi mchana mmoja, akiwa amelala ubavu kwenye kitanda tulichokuwa tumekihamishia sebuleni ili apate hewa ya dirishani. Mama alikuwa amekwenda kwenye maombi ya akina mama. Nyumba ilikuwa kimya, kuku tu ndio waliosikika nje wakiparua.

"Ndugu zako wote wanasali," alisema. "Nikimwambia mmoja wao, jioni mchungaji yuko hapa mlangoni. Wewe kanisani huendi, na kwa waganga huendi. Wewe ndiye mtu wa kutumwa."

"Nitume, baba."

"Nitafutie ngozi ya chororo."

Nilidhani homa imempanda. Nikamwekea mkono kwenye paji la uso. Akausukuma.

"Sina homa. Nimesema chororo. Na usije ukaniletea kicheche."

Baba alikuwa anakufa kwa ini. Alizaliwa ufukweni, mkoani Mara, akaogelea ziwani kabla hajajua kusema vizuri, akanywa maji ya humo, akavua humo akiwa amezama hadi kiunoni. Ukubwani akawa fundi wa injini za vivuko, na hapo pia nusu ya mwili wake ilikuwa majini. Kichocho kilimwingia utotoni kikakaa humo miaka yote, kimya, yeye akila, akioa, akitusomesha. Madaktari wa hospitali kubwa walitueleza kwa upole: ini limekuwa gumu, damu haipiti tena, inatafuta njia za pembeni, ndiyo maana anaitapika. Tumbo lilijaa maji. Waliyatoa, yakajaa tena. Waliyatoa tena. Mwishowe akasema hataki kurudi kule. Macho nayo yalikuwa na mtoto wa jicho, na hakuna daktari aliyekuwa na haraka ya kumpasua macho mtu mwenye tumbo la namna ile. Kwa hiyo alilala sebuleni, akiona mwanga wa dirisha na vivuli vyetu tukipita.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Buswelu na shahada ya wanyamapori na bila kazi. Nilipika uji, nilifua mashuka, nilijibu simu za watu waliouliza mgonjwa anaendeleaje. Nilisema anaendelea vizuri. Sikuwahi kuelewa kwa nini jibu hilo ndilo linalotakiwa.

Chororo na kicheche ni ndugu wa karibu, na mtu asiyewajua atakuapia kwamba ni mnyama mmoja. Wote ni wadogo, weusi, wenye mistari myeupe mgongoni na mkia mweupe, na wote wakibanwa hutoa harufu mbaya. Hapa Mwanza jina la chororo wengi hawalijui. Akipita yeyote kati yao anaitwa kicheche na anarushiwa jiwe. Na ukimwambia kijana wa mjini kwamba unatafuta kicheche, atakutazama juu hadi chini na kucheka, maana mjini neno hilo wanaitwa watu wenye wapenzi wengi.

Lakini kicheche ana manyoya marefu yaliyotimka, na usoni ana madoa meupe matatu, moja kwenye paji na mengine mawili juu ya macho kuelekea masikioni. Anachimbachimba ardhi kutafuta wadudu, anakula mayai, anakula vifaranga. Akizidiwa anaweza kujilaza kama amekufa. Chororo ni mwembamba mno, miguu mifupi, manyoya mafupi yaliyolala. Uso wake ni mweusi bila doa, na weupe unaanzia juu ya macho ukarudi nyuma hadi shingoni, kama kofia iliyovutwa. Yeye karibu chakula chake chote ni panya, na anawafuata humohumo ndani ya mashimo yao.

Haya niliyasoma. Nilishaona mizoga yao iliyojazwa pamba, chuoni, ndani ya kabati la kioo lenye harufu ya dawa. Hai sikuwahi kumwona hata mmoja, na nilikuwa na cheti kinachosema nawajua.

"Unataka ya nini, baba?"

"Ya kufunga tumboni."

"Halafu?"

"Halafu nini? Ninyi mliosoma kila kitu mnataka kiwe na halafu."

Aliniambia polepole, akipumzika katikati ya maneno. Babu alikuwa na ngozi moja ya chororo. Hakuwa mganga, alikuwa mvuvi mwenye shamba la mihogo na kihenge cha mtama. Mtu wa nyumbani akiumwa tumbo la kung'ang'ania, babu aliitoa ile ngozi, akamfunga mgonjwa kiunoni, kichwa cha mnyama kikielekea kitovuni. Chororo anaingia shimoni kwenye giza, hakwami, na akitoka ana panya mdomoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Kicheche hafai kwa kazi hiyo, alisema baba, kwa sababu yeye anaparua juujuu tu.

"Na watu walipona?"

"Wengine walipona."

"Na wengine?"

"We mtoto," alisema, "ndiyo maana huolewi."

Ngozi hiyo baba aliirithi. Niliiona mara moja tu, siku ilipochomwa. Nilikuwa darasa la nne na tulikuwa tumepanga Pasiansi. Baba alikuwa ameokoka mwaka huo, akiwa bado na mikono yenye grisi, na mchungaji akatangaza kwamba Jumapili inayofuata kila mwenye vitu vya giza nyumbani avilete. Watu walileta hirizi, vibuyu, mikia ya ng'ombe, shanga. Baba alichukua bati la biskuti lililokaa chini ya kitanda chao, tukatembea nalo hadi kanisani, mama akiwa mbele kama bibi harusi. Moto uliwashwa nyuma ya kanisa. Baba alifungua bati, akatoa kitu chembamba cheusi chenye weupe kichwani, akakitazama kidogo, akakitupa. Harufu ya nywele zinazoungua ilitufuata hadi nyumbani.

Njiani nilimuuliza mama: kama ile ngozi haina nguvu, kwa nini tumeichoma? Na kama ina nguvu, si tungemfungia bibi anayeumwa? Mama alinifinya sikio akasema, "Shetani naye anaanzaga hivyo hivyo, kwa kuuliza." Mwaka uliofuata baba akawa mzee wa kanisa, na akabaki mzee wa kanisa hadi siku aliponiomba mimi nimrudishie kile alichokichoma kwa mkono wake.

Nilikubali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuamini kwamba ngozi ingemsaidia, na nilimwambia.

"Sijakuuliza kama unaamini," alinijibu. "Nimekuuliza kama unamjua."

Kwa hiyo nilianza kutafuta. Asubuhi, kabla mama hajatoka kwenda kuuza vitenge, nilipanda kwenye vilima vya mawe nyuma ya nyumba zetu. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukija Buswelu kulima viazi na ilikuwa pori tupu, nyasi na mawe makubwa yaliyobebana. Sasa kila jiwe lina mwenyewe. Mawe mengine yameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kiwanja hiki hakiuzwi, mengine yanagongwa kokoto na kina mama waliokaa chini ya turubai. Nilitafuta mashimo, nilitafuta kinyesi, nilitafuta nyayo kwenye vumbi kama nilivyofundishwa. Niliona panya wengi sana. Panya ndio walikuwa wamebaki na raha.

Niliuliza watu. Kila mtu alikuwa amemwona, na kila mtu alikuwa amemwona kicheche.

"Alikuwa na madoa usoni?" niliuliza jirani mmoja aliyepoteza vifaranga.

"Mwanangu, anakula kuku wangu, mimi nitamtazama usoni?"

Sokoni kuna mzee anayeuza dawa za asili, mizizi na magome na magamba, amevipanga juu ya gunia. Nilimwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, dada. Kazi au mapenzi?"

"Nina mgonjwa. Natafuta ngozi ya chororo."

Aliinama akatoa chini ya gunia kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa kizuri, cheusi chenye mistari. Nilikigeuza. Madoa matatu meupe yalinitazama.

"Huyu ni kicheche, mzee."

"Ndiyo huyo huyo."

"Siyo yeye. Chororo hana madoa usoni. Na manyoya yake hayasimami hivi."

"Nani kakuambia?"

"Nimesoma."

Alimgeukia mwenzake anayeuza ugoro. "Umemsikia? Amesoma kicheche! Miaka mitatu anasoma kicheche, wenzake wanasoma udaktari." Wakacheka hadi mwenye ugoro akapaliwa. Kisha mzee akanifungia tena gazeti na kuniambia, kwa sauti ya kunihurumia, "Dada, mgonjwa haoni tofauti. Mgonjwa anaona umemjali."

Niliondoka bila kununua. Niliona fahari kidogo, nakumbuka. Nilijiona mtu asiyedanganyika.

Jioni nilimsimulia baba, naye akafurahi kuliko nilivyotegemea. "Umekataa? Vizuri. Wewe ni wangu." Tangu siku hiyo tukawa na mazungumzo yetu. Mama akitoka tu, baba anauliza: leo umepita wapi, umeona nini? Ningemwonyesha picha kwenye simu lakini macho yake hayangeona, hivyo tulizungumza kwa mikono. Alikizungushia kidole gumba na cha shahada kifundo cha mkono wangu akasema, "Unene wake ni hapa. Kicheche hapiti hapa." Alinishika nywele akasema za kicheche ni kama hizi zangu zisizochanwa, za chororo ni kama kope. Aliniambia jinsi chororo anavyomuua panya, anamng'ata kisogoni kisha anabingirika naye, anampiga mateke ya miguu ya nyuma hadi shingo inaachia. Hilo nililisoma chuoni katika kitabu kinene. Yeye alilitazama akiwa amelala kifudifudi chini ya kihenge cha baba yake.

Zilikuwa siku nzuri za ugonjwa ule, na sijui nizihesabu upande gani. Tumbo liliendelea kukua. Miguu ilivimba hadi ngozi ikang'aa. Usiku alichanganyikiwa akamwita mama yake, asubuhi akarudi na kuniuliza habari za vilimani. Nilikuwa namletea sifuri kila siku, naye aliipokea kama taarifa ya kazi.

Mara moja nilimuuliza kama haogopi. Mungu wake atasemaje?

"Mungu ananijua," alisema. Kisha akaongeza, "Mama yako ndiye asiyenijua." Akageuza uso dirishani. Mimi ninayeuliza kila kitu, hapo sikuuliza.

Asubuhi niliyomwona ilikuwa ya ukungu mwembamba, ule unaopanda kutoka ziwani na kuisha jua likichomoza. Chini ya kilima, vijana wa ujenzi walikuwa wanachimba msingi kwenye kiwanja kilichosafishwa siku iliyotangulia. Nyasi zilikuwa zimelazwa pembeni, rundo moja linafuka moshi. Nilikuwa napita kurudi nyumbani kuchemsha uji wa baba.

Nikakiona kitu kinatoka chini ya rundo la nyasi. Kirefu, cheusi, kinapinda, kinatambaa kuelekea kwenye mawe. Kilikuwa na mistari myeupe kutoka mwanzo hadi mwisho, na kilitembea chote kwa pamoja, kikipanda na kushuka juu ya udongo uliofukuliwa.

"Nyoka!" kijana mmoja alipiga kelele. "Oya, nyoka huyo! Mkubwa!"

Walikimbilia kuokota mawe. Yule aliyekuwa karibu zaidi alinyanyua tofali zima juu ya kichwa chake kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Walikuwa chororo. Mama mbele na watoto wake nyuma, pua ya kila mmoja imegusa mkia wa aliye mbele, mstari mmoja, ndivyo wanavyohama. Watu wengi wamewaua wakidhani ni nyoka, nilishasoma hilo pia. Uso wa yule wa mbele ulikuwa mweusi kabisa na kofia yake nyeupe ilikuwa nyeupe kuliko picha yoyote. Tofali lile lingeshuka, ningeokota nilichokuwa nakitafuta, wala mkono wangu usingekuwa na damu. Ningesema nimekikuta.

"Siyo nyoka!" nilisikia nikipiga kelele. "Acha! Siyo nyoka!"

Kijana aligeuka na tofali lake juu. Mstari ulikatika. Watoto walitawanyika, yule mama akarudi, akamng'ata mmoja shingoni, akakimbia naye kichwa juu hadi kwenye ufa wa jiwe, wengine wakimfuata ovyoovyo. Wakaingia. Ufa ule sikuamini kwamba ungepitisha hata mkono wangu.

"We dada vipi?" alisema kijana akishusha tofali. "Kumbe nyoka wako?"

"Si nyoka. Ni chororo."

"Ndo nini?"

"Anakula panya."

"Sasa mbona unalia?" aliuliza mwingine, na wenzake wakacheka. "Dada, wameenda tu hapo jirani, watakutembelea. Au ni mashemeji zetu hao?"

Nilijipangusa nikaenda zangu. Uji ulikuwa unasubiri.

Ningeweza kutomwambia baba. Hakuna aliyejua. Nilikoroga uji, nikauacha upoe, nikamnyanyua kichwa nikamnywesha, na yeye akauliza kama kila siku, "Leo umeona nini?"

"Nimemwona."

Alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Chororo?"

"Chororo. Na watoto."

Alitaka yote. Wapi, wangapi, wametokea upande gani, mama alikuwa mkubwa kiasi gani, alibeba mtoto namna gani. Alicheka niliposema walidhaniwa nyoka. "Hata sisi," alisema, "hata sisi tulikimbia mara ya kwanza." Kisha nikafika kwenye tofali.

"Akalirusha?"

"Hapana. Nilipiga kelele."

"Ukapiga kelele kusemaje?"

"Kwamba siyo nyoka."

Jua lilikuwa limefika kwenye shuka lake.

"Kwa nini?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama ninavyouliza mimi, kwa kutaka kujua.

"Kwa sababu hakuwa nyoka, baba."

Akacheka. Kicheko kilimuumiza, akashika tumbo kwa mikono miwili, akaendelea kucheka bila sauti, machozi yakimtoka kwenye yale macho meupe. Nilidhani yameisha. Nilidhani tumeelewana, mimi na yeye, watu wawili tunaojua tofauti. Kisha akageuka ukutani, jambo lililomchukua muda mrefu kwa sababu ya tumbo, na akiwa huko akasema, "Basi kaninunulie kile cha sokoni."

"Kile ni kicheche, baba."

"Najua."

"Ulisema hakifai."

"Watu wote wanasema ni mmoja," alisema. "Labda wanasema kweli. Nenda, mama yako hajarudi."

Nilimwambia nitarudi kwenye ule ufa. Nilimwambia nitaweka mtego, najua kutengeneza mitego, nimefundishwa. Nilikwenda hata hivyo, asubuhi ile ile, na tayari wale vijana walikuwa wanavunja jiwe lenye ufa kwa nyundo, maana msingi ulipita hapo. Chini yake palikuwa na shimo tupu na manyoya ya panya. Wameenda wapi, kwenye kilima kilichojaa kuta? Nilizunguka hadi jua likanichoma, nikashuka sokoni.

Yule mzee hakunicheka. Alitoa gazeti lake chini ya gunia, akanipa, akasema, "Mpe pole."

Nilimfunga baba mimi mwenyewe, kwa kipande cha kitambaa, chini ya shati. Nilielekeza kichwa kitovuni. Alipitisha kiganja juu ya yale manyoya mara moja, akarudisha mkono kitandani, na hakugusa tena. Sidhani nimewahi kumwona mtu akikubali kitu namna ile. Nilitamani agombe. Nilitamani anilaumu kwa sauti, aseme nimemuua kwa ajili ya panya, nipate la kubisha. Angesema hivyo ningekuwa na hoja nyingi: kwamba ngozi haitibu ini, kwamba angekufa na chororo kama alivyokufa na kicheche. Hoja hizo bado ninazo. Zote ni za kweli na sijui nizipeleke wapi.

Mazungumzo yetu yaliisha. Nikimwambia nimepita mahali fulani, alisema "Haya." Mama alidhani ni ugonjwa umemnyamazisha, akaongeza maombi. Wazee wa kanisa walikuja wakamwekea mikono kichwani, na mimi nikasimama mlangoni nikiomba, kama huko kunaitwa kuomba, wasimwekee tumboni. Walipoondoka nilimfungua, nikaificha ngozi chini ya godoro upande wa ukutani. Hakuuliza iko wapi. Alitapika damu siku chache baadaye, asubuhi, kwenye beseni nililolishika mimi, na kabla jua halijawa kali alikuwa amekwenda.

Walimzika vizuri sana. Kwaya ilikuja na sare. Mchungaji alisema marehemu aliviacha vitu vya giza hadharani na hakutazama nyuma, na mama akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Watu walipotawanyika, mama aliamua kulitoa godoro nje lipigwe jua. Nilikuwa naosha sufuria za matanga. Nikamsikia amenyamaza katikati ya wimbo. Nilipoingia alikuwa amesimama, ameishika ile ngozi kwa ncha za vidole viwili, mbali na mwili wake.

"Hii ni nini?"

Akaifikisha dirishani, akaigeuza.

"Wewe ndiye uliyesoma wanyama hawa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sitaki kujua imefikaje. Niambie kimoja tu, na usinidanganye. Hii ndiyo ile? Ndiyo kama ile tuliyoichoma?"

Nilimtazama. Alikuwa amekonda, kanga ya msiba imemlegea kiunoni, na alikuwa akinisubiri kama tulivyokuwa tukisubiri majibu ya vipimo kule hospitali. Niliona kitakachokuja nikisema ndiyo. Niliona pia kitakachokuja nikisema hapana. Lakini swali lilikuwa la ngozi, na ngozi ilikuwa hapo mkononi mwake.

"Siyo ile, mama. Ile ilikuwa ya chororo. Hii ni ya kicheche."

"Una hakika?"

"Angalia usoni. Ile haikuwa na madoa haya. Na shika manyoya."

Aliyashika. Aliyapima katikati ya vidole kama anavyopima kitenge kabla ya kununua. Kisha pumzi ikamtoka, ndefu, na mabega yakashuka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akakaa chini kwenye kiti.

"Kwa hiyo hakurudi kule," alisema. "Asante Yesu. Hakurudi."

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo lote, kuanzia kifundo cha mkono wangu hadi tofali. Nilichukua sufuria nikaendelea kusugua.

"Tuichome?" nilimuuliza baadaye, nikiona bado ameiweka mapajani.

"Kwa nini?" alisema mama. "Haina kitu hii. Kisicho na kitu unakichomea nini?"

Akatoka akaitupa kwenye shimo la takataka, juu ya maganda ya ndizi na majivu ya msiba, akarudi na wimbo wake. Asubuhi mbwa wa jirani alikuwa ameifukua, anaikokota barabarani, na watoto wanaoenda shule walikuwa wanamfukuza wakipiga kelele, "Kicheche! Kicheche!" Nilisimama mlangoni na kikombe cha uji ambacho sikukumbuka nimemkorogea nani. Walikuwa wamepatia.